Siku Kivuli cha Kyamunene Kiliponyauka

Kivuli cha Kyamunene kilinyauka asubuhi, watu wakiwa bado na vikombe vya uji mkononi. Kilima chenyewe kilikuwa kimesimama palepale, kijani tupu, migomba inapunga majani kama haina habari. Lakini kwenye kioo kikubwa cha maabara, ambapo kila shina la migomba wilayani lilikuwa na nukta yake, Kyamunene yote iligeuka kahawia. Na haikugeuka kama ugonjwa unavyotembea, nukta hii ikimwambukiza jirani, jirani naye wa pili. Iligeuka yote pamoja, kama kitambaa kilichomwagikiwa chai.

Daktari Kemilembe alitazama, akaweka kikombe chini polepole. Kyamunene ndiko alikolelewa. Mama yake mkubwa, Ma Kokubelwa, alikuwa anaishi huko mpaka leo, na shamba lake lilikuwa zile nukta za chini kabisa, karibu na kijito.

"Hebu rudia," akamwambia Haroub.

Haroub Makame alirudia. Yeye ndiye mtu wa hesabu, Mpemba mrefu ambaye vidole vyake havikujua kutulia. Jibu likaja lilelile. Akarudia tena bila kuambiwa, maana naye alimfahamu Ma Kokubelwa. Alishakula kwake, na alishatukanwa kwake.

Wawili hawa walikuwa wamewekwa chumba kimoja tangu mwaka ule ugonjwa wa mnyauko ulipomaliza bonde la kwanza na watoto wakaanza kuvimba matumbo kwa njaa. Wakubwa waliona kwamba wajuzi wa mimea wakiachwa peke yao hufika ugonjwa ukishapita, na watu wa hesabu wakiachwa peke yao huhesabu vitu ambavyo hawajawahi kuvigusa. Basi wakaunganishwa. Kemilembe alisema: utomvu unapanda hivi, kidudu kinaingia kwenye jeraha la kisu, kinashuka mpaka kwenye tunguu lililo ardhini, kinasubiri. Haroub aliuliza kinasubiri mpaka lini, kinasubiri nini, kisha akayageuza maneno yale kuwa hesabu inayotembea. Kila shina la migomba likachomwa sindano ndogo yenye taa, ya kuonja utomvu na kutuma habari kila usiku. Habari zile zikawa migomba mingine, isiyo na jani wala tunda, inayoishi ndani ya mashine. Na kwa kuwa ndani ya mashine siku hazina uzito, migomba ile iliishi mbele ya wenzake kwa majuma sita. Hicho ndicho watu walichokiita Kivuli: kivuli kinachomtangulia mwenyewe.

Ndipo ikatungwa sheria. Kivuli kikinyauka, shamba lichomwe, hata kama shamba lenyewe bado linacheka. Droni za moto zilikuja zikiruka chini chini, nyeusi, na watu wakazipa jina la kunguru. Kunguru walichoma Nyakigera. Msimu uliopita walichoma Irogero, wenyeji wakahamishiwa kambini. Mnyauko haukuvuka mto, na ng'ambo ya mto ndiko walikokuwa watu wengi kuliko wote, wanaokula ndizi asubuhi na jioni. Kama mashamba yale yaliyochomwa yangeugua kweli, hakuna aliyejua. Kilichokwisha kuwa majivu hakiulizwi.

Ili kunguru waruke, viganja viwili vilitakiwa juu ya kioo: kiganja cha hesabu na kiganja cha uhai. Haroub alikwisha kuweka chake. Alikiweka huku ameinamisha uso, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Kemilembe hakuweka.

Mwenyekiti wa Kamati inayowarusha kunguru alipiga simu, akasema ana habari ya mama yake mkubwa, akasema pole, akasema mwisho ni saa sita mchana. Daktari akikataa, aeleze kwa kinywa chake anaona nini ambacho Kivuli hakikioni. Alisema yote hayo kwa adabu sana.

"Nakwenda kuangalia kwa macho yangu," Kemilembe akasema simu ilipokatika.

"Mwalimu," Haroub akamwambia. Alikuwa akimwita hivyo tangu siku ya kwanza, kwa utani, na utani ule ukawa jina. "Macho yako ndiyo tuliyoyatia humu ndani. Unakwenda kuona nini zaidi?"

"Sijui."

"Ng'ambo ya mto kuna watu wangapi?"

Alichukua kofia ya pikipiki akatoka.

*

Njia ya kupanda Kyamunene ilikuwa imezibwa kwa mashina ya migomba, yamelazwa yakapandana kama kuni. Nyuma yake watu walikuwa wameketi mashambani mwao, kila mmoja chini ya majani yake, na viti, na vyungu, na watoto. Walikuwa wameamua kwamba kunguru wakija watawakuta humo. Mzee mmoja alipomtambua alimwuliza kama wakubwa wametuma na chumvi, maana nyama ya mzee bila chumvi hailiki. Wenzake wakacheka kicheko kifupi, kikafa. Mwanamke aliyekuwa ananyonyesha akasema, bila kumtazama, kwamba huyu ndiye yule waliyemchangia alipokwenda masomoni.

Kemilembe aliwaamkia wote, akaendelea kupita. Kitu kilikuwa kinamsumbua, na hakikuwa maneno yao. Ilikuwa harufu. Kilima kizima kilinuka utomvu mbichi, ule unaoacha doa jeusi kwenye nguo lisilotoka mpaka nguo inachakaa. Na kila uani palikuwa na rundo la mikungu. Mingine ilikuwa imekomaa. Mingi ilikuwa vidole tu, ndizi ambazo mtu mwenye akili angeziacha zinenepe.

Alimkuta Ma Kokubelwa juu ya kigoda, kisu mkononi, anamenya, maganda yamemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Umekuja na kiberiti," akamwuliza, "au umekuja kula?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hujanijibu."

"Mmevuna lini zote hizi?"

Mama mkubwa alitupa ndizi iliyomenywa ndani ya sufuria. Alimweleza kwa maneno machache, kama mtu anayemweleza mgeni. Habari ilipanda kilimani juzi. Dereva mmoja aliona kunguru wanajazwa mafuta, akadhani zamu ni ya Kyamunene, akamwambia mkewe, na mke hana kufuli mdomoni. Basi kilima kizima kikakubaliana: kama ni kuchomwa, tusichomwe na chakula juu. Jana alfajiri kila mwenye kisu akaingia shambani kwake. Mpaka kunapambazuka vizuri hakukuwa na mgomba wenye mkungu uliobaki umesimama. Walibaki watoto na wajukuu peke yao.

Hivyo ndivyo wakulima wa ndizi wanavyosema. Shina moja lina watatu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata kwa kimo, na mjukuu anayechungulia ardhini. Kemilembe aliinama kwenye gutu la mama mmoja. Utomvu ulikuwa umeganda juu yake. Chini ya ganda, sindano ilikuwa bado imechomekwa, na taa yake ilikuwa nyekundu.

Alisogea kwenye gutu la pili. Sindano, taa nyekundu. La tatu vilevile. Mtoto aliyesimama kando, kijani, amejaa, hakuwa na sindano. Mjukuu hakuwa na sindano.

Akakaa pale pale kwenye majani makavu.

*

Alimpigia Haroub, akamwuliza sindano ziliwekwa kwa nani.

"Kwa mama," Haroub akasema. "Si ndivyo tulivyokubaliana? Mama ndiye asili, nikampa maisha marefu kuliko wote. Watoto wanamtegemea yeye."

"Haroub. Mama wa mgomba anaishi mpaka lini?"

Akasikia vidole vya yule bwana vinagonga meza. "Mpaka wanawe wakue. Mpaka azeeke. Kwani vipi?"

"Anazaa mara moja. Mkungu ukikomaa anakatwa. Hakuna mama wa mgomba aliyewahi kuzeeka."

Vidole vikanyamaza.

Kisha Haroub aliongea, taratibu, na Kemilembe alimsikia akitembea ndani ya hesabu yake mwenyewe kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mwaka mzima Kivuli kilikuwa kinaona mama wanakufa, mmoja hapa, mmoja kule. Mafundi walipita wakaweka sindano mpya kwa aliyefuata. Haroub aliviwekea vifo vile namba ndogo, akaviita vifo vya kawaida. Alimaanisha ajali: upepo, mbuzi, bahati mbaya. Kemilembe aliposomewa alisikia vifo vya kawaida, akaelewa mavuno, akakubali kwa kichwa. Neno lilikuwa moja, na kila mtu alitoka na lake mfukoni. Wakanywa chai.

"Lakini mama wengi wakifa kwa pamoja," Haroub akasema, "Kivuli kina jina moja tu la jambo hilo."

"Mnyauko."

"Mnyauko."

Kwa hiyo watu waliogopa kuchomwa, wakavuna. Kwa kuwa wamevuna, watachomwa. Kemilembe alitaka kucheka. Badala yake alikumbuka barabara ya Irogero msimu uliopita, siku ya moto. Alikumbuka mikungu iliyorundikwa kandokando ya njia, mibichi, vidole vidole, utomvu wake umekwisha kauka tangu jana yake. Alidhani watu wanakimbia na chakula chao. Alipita katikati yake ndani ya gari la maabara, akapandisha kioo kwa sababu ya vumbi, na kiganja chake alikuwa amekiweka asubuhi ileile.

"Irogero," akasema.

Kwa upande wa pili alisikia kiti kikivutwa, na Haroub akikikalia kwa uzito.

"Usiliseme hilo," Haroub akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakuomba, Mwalimu. Nitarekebisha. Nipe siku chache, nitampa mama kifo chake, tutahamisha sindano kwa wajukuu, hakuna atakayejua. Ukilisema leo, kesho watu watazing'oa zote, wilaya nzima. Mnyauko wa kweli upo. Bonde la kwanza uliuona kwa macho. Ukirudi utatukuta vipofu, na ng'ambo ya mto watakufa watu waliokuwa hawajazaliwa tulipokosea."

"Na watu wa Irogero walioko kambini?"

"Wameshachomwa." Kisha akasema kwa taabu, "Huwezi kumrudishia mtu majivu."

Alikuwa hajasema uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililomuumiza Kemilembe, kwamba alitafuta uongo ndani ya maneno yale akaukosa. Alikata simu, akainuka, akashuka shambani bila kujua anakwenda wapi, mpaka karibu na kijito. Pale chini akasimama.

Gutu lililokuwa mbele yake halikuwa limeganda utomvu mweupe. Lilikuwa linatoka usaha wa manjano, mzito, na nzi wawili walikuwa juu yake.

*

Aliomba moto na kisu. Walimletea kaa la moto kwenye kigae, naye akaunguza makali mpaka yakabadilika rangi, akakata kwa mama wa pili. Manjano. Akaunguza tena, akakata kwa mtoto wake, ambaye majani yake yalikuwa mazuri kama ya siku ya harusi. Katikati ya shina palikuwa na uzi wa manjano, mwembamba, unaoshuka kwenye tunguu.

Basi Kivuli kilikuwa kimepotea njia, na bado kilikuwa kimefika kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Watu walikuwa wamekusanyika nyuma yake. Aliwaambia waende wakakate kwao, gutu moja moja, kila mtu aunguze kisu kabla na baada, wamletee vipande. Walikwenda mbio. Vipande vilipoanza kuja alivipanga juu ya jani. Cheupe. Cheupe. Cheupe tena. Juu ya kilima cheupe, upande wa jua cheupe, kwa jirani wa karibu kabisa, yule anayegawana mtaro na mama yake mkubwa, cheupe.

Alimgeukia Ma Kokubelwa. "Kisu chako jana kilikata kwa nani mwingine?"

"Kisu changu simwazimi mtu," mama mkubwa akasema. "Miaka yote wananiita mchoyo. Waulize."

Mzee wa chumvi alifungua mdomo kisha akaufunga.

Jua lilikuwa limekaribia utosini. Simu ililia; ilikuwa Kamati. Kemilembe aliiweka juu ya gutu, sauti wazi, ili kila aliyekuwepo asikie. Alijua akilisema jambo hili pembeni, kwa adabu, litakunjwa liwekwe mahali.

Alimwambia mwenyekiti kwamba haweki kiganja. Akaeleza habari ya mama na mtoto, na ya mavuno ya jana. Mwenyekiti akauliza kama kuna ugonjwa kilimani au hakuna. Akasema upo, shamba moja, na ameuona kwa kukata. Mwenyekiti akauliza kama anaweza kuhakikisha hauko kwingine.

"Siwezi," Kemilembe akasema. "Na Kivuli hakiwezi. Kimekuwa hakiwezi tangu mwanzo. Irogero tuliichoma kwa sababu watu walivuna."

Nyuma ya Kemilembe kulikuwa na mwanamke aitwaye Adventina, aliyeolewa Kyamunene kutoka Irogero. Alikuwa ameshika kipande cheupe alichokileta. Alikiweka chini.

"Baba yangu alifia kambini," Adventina akasema, bila kupaza sauti, kama anayesahihisha tarehe. Kisha akaondoka, akapanda kilima, na watu wakampisha.

Ndani ya simu Haroub alikohoa. Kemilembe hakuwa amejua kwamba yumo, labda Kamati ilimwunganisha. Alisubiri amkane. Angekuwa na haki, alishamwomba.

"Ni kweli," Haroub akasema. "Namba ile niliiweka mimi. Andikeni na jina langu." Akapumua. "Na kiganja changu nakiondoa."

Mwenyekiti alisema mambo mengi baada ya hapo, juu ya mashtaka, juu ya watu wa ng'ambo ya mto, na kwamba kilima kitazungukwa na askari asitoke mtu wala jani. Kemilembe akasema sawa, atakuwa ndani. Ilipofika jioni, Haroub naye aliomba aruhusiwe kupanda na sindano zake. Ila hiyo ilikuwa baadaye. Wakati ule, saa sita ilipopita na anga likabaki tupu, watu wa Kyamunene walitazama juu kwanza, kisha wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Ma Kokubelwa. Walikuwa wakulima, walijua kilichobaki.

Kemilembe alimwendea mama yake mkubwa, akapiga goti kama mtoto anayepokea chakula.

"Shamba hili lichomwe, Mama. Lote, mpaka kijito. Leo."

"Kivuli kimesema?"

"Hapana. Nasema mimi."

"Una hakika utakuwa umeuzuia?"

"Sina."

Ma Kokubelwa alifuta kisu kwenye khanga, upande mmoja, kisha wa pili. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Kile kidude ningekichukia mpaka naingia kaburini," akasema. "Wewe nitakufanyaje?"

Alisimama, akaanza kukusanya majani makavu kwa mguu, akiyasukuma kuelekea mashina. Kemilembe akainuka amsaidie. Mama mkubwa akamzuia kwa kiwiko.

"Baba yako mkubwa yuko pale nyuma," akasema. Kwao huko wafu huzikwa katikati ya migomba, ili wasiwe mbali na jiko. "Alipanda hii yote kwa mkono wake. Nenda ukamwambie kwanza. Mimi simwambii, uliyesema ni wewe."

Kemilembe alikwenda. Kaburi lilikuwa tuta tu, limezungukwa na mawe ya kijitoni, na mjukuu mmoja wa mgomba alikuwa amechipua penye miguu. Alisimama hapo muda mrefu, akitafuta maneno, na yaliyomjia yote yalikuwa ya maabara. Mwishowe alitaja jina lake na la mama yake, kama inavyotakiwa, ili marehemu ajue ni nani anayeongea. Akamwambia kwamba amekuja kuwasha moto. Aliyasema kwa sauti ndogo, karibu ya kujisemea.

"Sema vizuri," Ma Kokubelwa akamwambia kutoka nyuma, mzigo wa majani makavu mikononi. "Unajua alikuwa hasikii."

Akarudia kwa sauti kubwa, na kilima kizima kikasikia.